Rada ya solidi steti kwenye boti ndogo hapa Lamu, nimeitumia kusi na kaskazi na haya ndo maoni yangu

Jamani wengi mnaniuliza pale jeti ile domu nyeupe, yani lile kasha la rada, juu ya paa la boti yetu ni ya nini, na kama inafanya kazi kweli ama ni mapambo ya kuvutia wageni, sa naona bora niandike yote mara moja nisiwe narudia rudia. Jibu fupi ni hili, kama boti yako inafanya safari za Kizingitini, Faza ama Kiwayu na mara nyingine magharibi inakukuta bado uko majini, nunua rada ya solidi steti, yani inayorusha mawimbi kwa chipu, na achana na hizi za magnetroni, zile za zamani zinazorusha kwa kifaa cha sumaku, ata ukiuziwa bei ya kutupa. Jibu refu ndo hilo linafuata.

Sitaji kampuni iliyotengeneza yetu. Garmin, Furuno, Raymarine na Simrad wote wanauza za aina hii na mengi nitakayosema yanahusu aina yenyewe wala si jina lililobandikwa juu. Yetu ni domu ya inchi 18, imekaa juu ya paa la mabomba kama mita tatu toka majini, boti ni ya faiba mashini mbili, tunabeba wageni na mizigo. Ile ya zamani ilikuja na boti tuliponunua, ilikuwa ya magnetroni, kilowati 2.2, na skrini yake ndogo ya kijivu ambayo jua la saa sita likiipiga huoni kitu.

Nianze na hizo kilowati maana ndo watu wanadanganywa nazo. Mtu anakwambia yangu ina wati 2,200 na yako ina wati 20, utaona nini wewe? Sikiliza sasa. Zile 2,200 ni za kilele tu, magnetroni inapiga palsi, yani mpigo wa mawimbi, fupi sana alafu inanyamaza. Kwenye masafa marefu palsi inakaa kama sehemu 0.8 ya milioni ya sekunde, inapiga mara 600 hivi kwa sekunde, zidisha mwenyewe utapata wastani wa wati 1. Moja! Hii ya solidi steti inarusha wati chache lakini palsi yake ni ndefu na inabadilisha kasi ya mtetemo wa mawimbi ikiwa inaenda, toka chini kwenda juu, alafu kompyuta ya ndani inaikunja ile mwangwi iliyorudi iwe fupi tena. Kwa hiyo nguvu jumla inayotoka inakaribiana, ata mara nyingine hii ndogo inashinda. Na jambo lingine, nguvu ya mwangwi inapungua kwa kipeo cha nne cha umbali, yani ukitaka kuona mara mbili zaidi unahitaji nguvu mara 16, so yule aliyelipa zaidi apate kilowati 4 badala ya 2 ameongeza umbali kama asilimia 19 tu hivi. Pesa yake, lakini angeuliza kwanza.

Na hizo maili 24 ama 36 zimeandikwa kwenye boksi msizihesabu. Domu ikiwa mita tatu juu ya maji na kidau cha mbele yako kimetoka mita moja tu, dunia yenyewe imejipinda, mwisho wa kuonana ni kama maili sita za bahari. Meli ndefu ya mita thelathini utaipata kwenye maili 16 hivi. Zaidi ya hapo unaona milima ya watu wengine ambayo sisi hapa hatuna, Lamu yote tambarare.

Sa sisi shida yetu si maili 16, shida yetu ni nusu maili ya kwanza. Mkanda mnaujua, ule mlango mwembamba wa maji kati ya Manda na bara. Maji yamejaa unapita, mikoko pande zote mbili, magharibi imeingia, na mbele kuna kidau kimesheheni boriti kinarudi bila taa, baharia amekaa tezi anavuta sigareti na hiyo sigareti ndo taa yake. Ile rada ya zamani hapo ilikuwa haina maana, ukiweka masafa ya robo maili katikati ya skrini kulikuwa na duara jeupe tu, palsi bado inatoka mashine haiwezi kusikia, so kila kitu kilicho karibu kimezama ndani ya lile duara. Hii mpya unaona kingo za mikoko zote mbili zimechorwa, na katikati nukta ya manjano. Ile nukta haikai imara, boriti mbichi na mbao hazirudishi mawimbi vizuri, inakuja mzunguko huu inapotea mzunguko ufuatao inarudi, lakini inarudi pale pale, na wimbi la maji haliwezi kurudi pale pale. Ukizoea jicho linajua. Nahodha wetu ambaye mwanzo alikuwa anaicheka hii kitu sasa ndo wa kwanza kuiwasha, na hataki mtu aguse seti zake.

Hapo kuna seti moja lazima mubadilishe. Domu nyingi zinatoka kiwandani zikizunguka mara 24 kwa dakika, yani picha mpya kila sekunde mbili na nusu. Boti ikienda noti 20 unakata mita kumi kwa sekunde, so kati ya picha na picha umeshatembea mita 25, na ndani ya Mkanda mita 25 ni nyingi sana. Kama yako ina mzunguko wa 48 weka 48, inakula betri kidogo zaidi lakini basi. Kwa betri lenyewe haina shida, hizi ndogo zinakula chini ya wati 30, friji ya samaki inakula zaidi.

Kasoro ya inchi 18 ni upana wa mwale. Nyuzi tano na kitu. Ni sawa na kumulika na karabai badala ya tochi, kwenye maili moja mwale una upana karibu mita 170, so mashua mbili zinazokwenda sambamba utaziona kitu kimoja kirefu. Ukiwa mita 200 umeshuka mita 18 hivi na hapo inatenganisha. Mwenye nafasi juu ya paa anunue ya inchi 24, mwale unakuwa nyuzi nne. Sisi paa letu lingekataa.

Kitu nilichokipenda kuliko vyote ni ile dopla. Kila kitu kinachokuja upande wako kinapakwa rangi yake, kwetu ni nyekundu, kilichosimama kinabaki manjano. Kwa sisi tunaokatisha kwenda Pate imekuwa muhimu zaidi tangu bandari ya Kililana ifunguliwe Mei 2021, maana meli zinaingia kwa mlango wa kati ya Manda na Pate na sisi ndo tunakatisha hapo hapo. Meli usiku unaiona taa zake tu, si rahisi kujua kwa mbali inakuja ama inakwenda, na ile ikishaamua kuja haipigi breki. Nyekundu inakwambia mapema. Lakini musilale, dopla inaona kinachokuja ama kinachoondoka kwa kasi ya kutosha tu, jahazi likikukatisha ubavu kwa ubavu ama kidau kinasukumwa na upondo polepole hakitapata rangi yoyote, na hivyo ndo vitu vya kugonga. Nimeona mtu na boti ya kisasa kabisa anaangalia nyekundu peke yake kana kwamba kisicho nyekundu hakipo.

Sa mbona vitu hivi vimekuwa bei ambayo mtu wa Lamu anaweza kufikiria? Hapa nitaenda mbali kidogo, anayetaka aruke. Wakati fundi alipofungua ile domu ya zamani nilikuwa nimekaa karibu, ndani kuna sumaku nyeusi nzito mbili zimekumbatia kitu cha shaba, ndo magnetroni yenyewe, bisibisi ya chuma ikikaribia inarukia inang'ang'ania, fundi akaiondoa kwa mikono miwili akaomba ya shaba. Alafu bomba la kupitisha mawimbi, mota ndogo ya kuzungusha, mkanda wa raba umekauka. Teknolojia hiyo ni ya 1940, Randall na Boot walipoitengeneza pale Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza wakaipeleka Marekani mwaka huo huo wa vita. Ndo hiyo hiyo iko ndani ya maikrowevu ya kupashia chakula, tofauti ya maikrowevu iko 2450 MHz na ya rada ya boti iko kama 9410. Imefanya kazi miaka themanini siitukani, lakini ina roho, baada ya masaa elfu chache inaanza kuchoka, vitu vya mbali vinapotea kimoja kimoja na wewe hujui maana hakuna taa inayokwambia.

Hii mpya ndani hakuna kitu. Ubao wa saketi, vipande vya shaba vya mraba vimechapwa juu yake ndo antena, chipu chache ndogo kuliko ukucha. Na hizo chipu zina baba yake, na baba yake ni manowari. Majeshi ya Marekani yalikuwa yanataka rada za vipande vingi vingi vidogo, kila kipande kinarusha na kupokea chenyewe, na vifaa vya vita vya elektroniki vya kusikiliza rada ya adui na kuichanganya, na vyote vinahitaji chipu za mawimbi haya za galiamu asenidi ambazo wakati huo zilikuwa ghali balaa, kila moja kama kito. Sa mwishoni mwa miaka ya 1980 shirika lao la utafiti DARPA likaanzisha mpango ukaitwa MIMIC, kazi yake kubwa si kutengeneza chipu mpya bali kuzifanya rahisi, zitoke kiwandani kwa wingi, zipimwe kwa mashine, zisitupwe nusu. Viwanda vikajifunza, alafu simu za mkononi zikaja, kila simu inataka chipu ya aina hiyo ya kurushia, na hapo bei ikaanguka yenyewe. Kwenye boti za starehe rada ya kwanza ya hivi ilitoka 2009, ya Navico, ile ya wimbi la mfululizo, na kuanzia 2016 hivi wote wakawa nazo.

Manowari saa hii wameshahamia galiamu naitraidi ambayo inavumilia joto na umeme mkubwa zaidi. Rada yao ya SPY-6 imejengwa kwa maboksi ya futi mbili kwa mbili kwa mbili, kwa meli ya USS Jack H. Lucas iliyoingia kazini Oktoba 2023 kila uso una maboksi 37. Raha ya mpangilio huo ni kwamba chipu moja ikifa, ata kumi, rada inaendelea, inadhoofika kidogo tu, na baharia anachomoa kipande anaweka kingine. Na hapo ndo sisi wa bei rahisi tunaumia, maana tumepata chipu yao lakini hatukupata wingi wao. Yetu ni ubao mmoja. Ukifa, umekufa.

Ndo nikija kwa ufundi. Ile ya magnetroni ilikuwa ikikorofisha fundi wa Lamu anaifungua, anabadilisha mkanda, brashi za mota, magnetroni yenyewe inaagizwa kwa dola mia kadhaa, maisha yanaendelea. Hii hakuna fundi hapa mjini atakayekugusia ule ubao, si kwa sababu hajui, ni kwa sababu hakuna spea, kiwandani wanataka uwarudishie domu nzima ama ununue nyingine. So kama unanunua hesabu hivyo toka mwanzo, usihesabu kama ni kitu cha kutengenezwa. Kitakachoharibika kwanza hapa kwetu wala si ubao, ni plagi. Chumvi ya kaskazi inaingia kila mahali, pini zinageuka kijani, rada inaanza kuzima ukipiga wimbi. Pakeni grisi ya silikoni kwenye kila soketi siku ya kufunga, musisubiri, na waya wa umeme uwe mnene maana volti zikishuka mashini zikipigwa stata, rada inajizima katikati ya kila kitu.

Mvua. Msimu wa masika hii kitu inakuwa na adabu mbaya. Mawimbi yake ni ya sentimita tatu na matone makubwa yanayarudisha, so mvua nzito inakuja kama ukuta wa rangi na kilichoko nyuma ya ukuta hukioni vizuri. Kuwa mkweli ile ya magnetroni pia ilikuwa hivyo, meli kubwa zinatumia za sentimita kumi kwa sababu hiyo, ila antena yake inazidi mita tatu, utaifunga wapi? Dopla inasaidia kidogo kwenye mvua, kuna kitufe cha kupunguza mvua pia, lakini ukikizidisha kinafuta na vidau. Sisi tunapunguza mwendo basi.

Hili lingine ni la maisha kabisa. Kuna kile kifaa cha uokozi kinaitwa SART, meli ikizama watu wanakiwasha, rada yako ya mawimbi ya sentimita tatu ikikipiga kinajibu, unaona mstari wa nukta 12 kwenye skrini unaoanzia karibu na walipo. Kile kilitengenezwa kujibu palsi kali za magnetroni. Zile solidi steti za mwanzo za wimbi la mfululizo hazikiamshi, hizi za palsi ndefu zinatofautiana, so soma kitabu chake kabla ya kulipa, na hali kadhalika kwa maboya yenye rakoni, kile kifaa kinachojibu rada ikikipiga. Siku hizi kuna SART za AIS, ule mfumo wa vyombo kutangaza kwa redio mahali vilipo, zinazoonekana bila rada kabisa, zimekubaliwa tangu 2010, kwa hiyo ukifunga rada ya hivi na mpokezi wa AIS uweke. Muuzaji wetu hakututajia hili ata kwa bahati mbaya.

Mafanikio madogo madogo pia yapo. Haingoji, ile nyingine ilikuwa inahesabu dakika moja na nusu ipate joto ndo ikubali kurusha, hii ukibonyeza inarusha hapo hapo, so mchana tunaizima na tukiona ukungu wa mvua tunaiwasha. Na wageni wanaokaa juu ya paa hawana wasiwasi sana na nguvu yake ndogo, ingawa sisi bado hatumruhusu mtu kukaa na kichwa sawa na domu.

Bei, domu peke yake ni kama dola elfu moja na nusu hadi elfu mbili na nusu kabla ya usafiri na kodi, alafu skrini ni mbali, na hapo ndo wanakokukamata maana domu nyingi zinataka skrini ya kampuni ile ile. Ukiwa na skrini tayari, nunua domu ya ndugu yake, usijaribu kuozesha kabila mbili. Rada inarusha mawimbi so kwenye leseni ya redio ya chombo ulizia Mamlaka ya Mawasiliano kabla hujaambiwa na mtu wa jeti.

Na ndugu zetu wenye vidau na mashua za mbao, nyinyi hamuhitaji kununua rada, mnahitaji kuonekana. Kile kiakisi cha bati za alumini zilizokatana pembe mraba, fundi yeyote wa Matondoni anaweza kuwakatia, muhimu pembe ziwe nyuzi 90 kweli kweli na kiwe juu ya mlingoti. Ukubwa una maana sana, ukikifanya mara mbili mwangwi unakua mara 16. Mashua moja ya Kipungani inatundika kimoja, tunaiona toka mbali kabla ata ya kuona tanga, na haina chuma chochote ndani zaidi ya nanga na sufuria.

La mwisho duka. Tulinunua duka moja la Mombasa ambalo pia sitalitaja. Walituambia ni kuchomeka tu inafanya kazi, ikafika Lamu na waya wenye kichwa kisichoingia kwenye skrini yetu, skrini waliyotuuzia wao wenyewe! Tukapiga simu, huyu yuko mkutanoni, yule yuko saiti, fundi wao atakuja Lamu tukimlipia ndege kwenda na kurudi na hoteli. Domu ikakaa kwenye boksi lake sebuleni watoto wanaifanya meza. Aliyetuokoa ni kijana wa stoo, akatupigia video usiku kwa simu yake, akatazama plagi akasema nipeni namba iliyo nyuma, kesho yake waya sahihi ukapanda basi la Mokowe.

Rada naipa nyota nne, moja nimeikata kwa sababu ya mvua na kukosa spea. Duka nyota mbili, na zote mbili ni za yule kijana wa stoo.